Mkasi wa Kidoti

3 Machi

Shikamoo dada,

Za huko siulizi, maana ukianza kunijibu habari za hamira zako karatasi itaisha, na mimi nina shida yangu. Watu wa huku bado wananiuliza yule dada yako msomi anafanya kazi gani, nami nawajibu anafuga hamira. Wanadhani umefungua duka la mikate.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu siyo yangu, dada. Mama mkwe anaijua namba ya siri kuliko mimi, na ukinipigia lazima niongelee sebuleni watu wasikie. Kwa hiyo naandikia hapa kibandani, juu ya cherehani, na wewe jibu kwa sanduku la posta la mama mwenye kibanda, nimeliandika nyuma ya bahasha. Yeye hana umbea. Akishakula anasinzia tu.

Habari yenyewe ni Kidoti. Ametimiza miaka mitatu na bado hawezi kutoka mlangoni hadi kitandani bila kuchuchumaa njiani apumzike. Midomo inageuka rangi ya zambarau. Daktari wa moyo anasema nyama ya moyo imekuwa nene mno, haisukumi damu vizuri. Walitupima damu wote watatu, mimi, mume wangu fundi na mtoto, zikapelekwa mbali, na sasa majibu yamerudi. Kuna jeni moja yenye kasoro mbili. Kasoro ya kwanza anayo yeye na mimi. Ya pili anayo yeye na baba yake. Nikamuuliza daktari ipi ndiyo inayomuumiza, akasema ni ugonjwa wa nadra, akaangalia saa. Chini ya karatasi kuna neno mitokondria, na hilo neno umenichosha nalo masikio tangu uanze kusoma. Nakala nimeiweka humu.

Sasa nikwambie kinachoninyima raha. Mtoto wa kwanza unamkumbuka, aliondoka kabla hajajua kukaa. Wa pili ndiye huyu. Upande wa mume wangu wameitisha kikao. Mama mkwe amesema wazi, mbele yangu, nikiwa nimeshika sinia, kwamba kama ubovu umetoka tumboni kwangu basi niondoke na mtoto abaki, kwa sababu mtoto ni wao na nyumba yao iko karibu na hospitali. Fundi yupo tu. Kuchomelea vyuma anajua, kufungua mdomo mbele ya mama yake hajui.

Mimi nyumba wachukue. Godoro wachukue. Ila Kidoti hajawahi kulala bila kunishika sikio. Akishtuka anatafuta sikio kwanza, akilipata analala tena. Nitalitoa wapi sikio jingine nimwachie?

Wewe unayajua haya mambo. Niambie ni ipi.

Mdogo wako,
Kasuku


14 Machi

Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikakaa nikaisoma tena. Nimelia kidogo, nikanawa uso, nikaingia maabara. Usinicheke.

Sikiliza, nikueleze kwa lugha ya fundi cherehani. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna majiko madogo ya kutengeneza nguvu. Hayo ndiyo mitokondria. Moyo una majiko mengi mno kwa sababu wenyewe haupumziki. Majiko haya yana maagizo yao wenyewe, mafupi, na yana wachukuzi wao wa kuleta vifaa vya ujenzi. Wachukuzi hao hutoka wakiwa wameungana kwenye utepe mmoja mrefu. Unazijua zile lebo za kushona kwenye kola, zinavyokuja zimeviringishwa? Usipozikata moja moja huna lebo, una utepe tu. Basi ndivyo ilivyo. Lazima kuwe na mkasi wa kumkata kila mchukuzi mwishoni pake, pale pale, isizidi wala isipungue. Jeni ya Kidoti yenye kasoro ndiyo inayotengeneza mkasi huo.

Na hapa ndipo uache kuzicheka hamira zangu, kwa sababu hamira nayo ina majiko hayo, na wachukuzi hao, na mkasi wa aina hiyo hiyo. Nimeuchunguza mkasi huo miaka yote hii nikidhani natafuta shahada tu.

Nitafanya hivi. Nitatengeneza hamira mbili. Moja nitaipa mkasi wenye kasoro yako, nyingine mkasi wenye kasoro ya shemeji. Hamira ikiwa kwenye sukari inaishi hata kama majiko yake yamezimika, kivivu vivu hivyo hivyo. Ila ukiinyima sukari ukaiweka kwenye gliserini, lazima iwashe majiko, la sivyo haikui. Sahani ninamoziotesha itatuambia.

Kitu kimoja ukishike. Watu watakwambia mitokondria za mtoto hutoka kwa mama, na ni kweli. Lakini mkasi huu hautengenezwi jikoni, unaletwa kutoka nje, kwenye kiini, na kiini ni cha baba na mama. Mtoto ana nakala mbili za jeni ya mkasi. Kwa kawaida moja ikiwa nzima inatosha, ndiyo maana wewe na shemeji mnatembea vizuri. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie ni tumbo.

Profesa hajui. Mambo ya ndugu hayaruhusiwi kwenye mradi wa watu. Nitayafanya pembeni.

Mbusu Kidoti shavuni, pale pale kwenye doa lake.

Dada yako


22 Machi

Dada, shikamoo,

Gliserini ile ile ya kupaka midomo? Nimemwambia Kidoti kwamba mama mkubwa anailisha hamira mafuta ya midomo, akacheka mpaka akakohoa, ikabidi nimkalishe.

Lebo nimeelewa. Nimeshinda na utepe wa lebo mkononi, wateja wanadhani nimechanganyikiwa. Nyumbani nikamweleza fundi, naye akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza, kwa hiyo mmoja wetu mkasi wake ndio butu? Nikamjibu dada anapima. Tangu hapo hali chakula vizuri. Anaamka asubuhi anakaa kitandani anaangalia mikono yake.

Kikao kimewekwa mwisho wa Aprili, mjomba wao mkubwa akirudi safari. Mama mkwe haniiti tena jina, ananiita "huyu". Na Kidoti sasa namnyanyua hata kumpeleka chooni. Harakisha, dada. Najua hamira haipigwi viboko, lakini harakisha.

Kasuku


19 Aprili

Kasuku wangu,

Nimeharakisha. Kwenye jokofu nilikuwa na hamira ya zamani ambayo mkasi wake niliutoa tangu mwaka jana kwa kazi nyingine, nikaitumia hiyo kwa kasoro yako ili nisianze mwanzo. Haikutosha kwa mbili. Ya shemeji ilibidi niitengeneze upya, nikaipa mkasi wake kwanza ndipo nikautoa wa hamira.

Majibu nimeyapata jana na sijui niyaandike vipi. Hamira yenye kasoro ya shemeji imekua kwenye gliserini kama kawaida. Yenye kasoro yako haijakua kabisa. Sahani tupu.

Ukizifuata sahani hizi, kasoro yako ndiyo nzito. Ila sielewi. Kama mkasi wa shemeji hauna tatizo, basi Kidoti ana nakala moja nzima na asingeumwa. Kuna kitu hakijakaa sawa na bado sijakijua. Nakwambia kwa sababu uliniuliza, na sijawahi kukuficha kitu. Usiyapeleke popote hadi nirudie. Nakuomba sana, hadi nirudie.

Dada yako


4 Mei

Shikamoo shemeji,

Natumaini kazi inaendelea salama. Samahani kwa kukuandikia bila kuulizwa. Anwani yako nimepewa na mdogo wako, aliiandika kwenye bahasha hii kwa mkono wake kabla hajaondoka.

Kikao kilifanyika. Wazee walimuuliza mke wangu kama dada yake amepata majibu, maana mimi nilikuwa nimewadokezea kwamba unapima. Angeweza kusema bado. Nilikuwa namtazama, na nilijua akisema bado hakuna wa kubisha. Akasema, "Dada anasema yangu ndiyo nzito, ila anarudia." Hayo ya kurudia hakuna aliyeyasikia. Mjomba akasema basi, yametosha.

Amehamia chumba cha nyuma ya kile kibanda cha kushonea. Kidoti yuko kwa mama yangu. Mke wangu anaruhusiwa kuja kumwona kila Jumapili, mama akiwepo. Sikupenda iwe hivyo, lakini ndivyo wazee walivyoona.

Shemeji, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu yule mtoto wa kwanza afariki nimekuwa najiuliza kama ni mimi. Kama ni moshi wa kuchomelea, au kitu nilichowahi kufanya nikasahau. Siku ya kikao nilipumua. Nilimwona mke wangu anafunga mizigo yake, na mimi napumua. Nakushukuru kwa kusema ukweli, ingawa sijui kwa nini nakushukuru.

Shemeji yako,
Fundi


9 Mei

Dada, shikamoo,

Usinigombeze. Najua uliniambia nisiyapeleke popote. Nilidhani ukweli ukitoka kinywani mwangu mwenyewe wataona haya. Na nilidhani fundi ataongeza neno. Neno moja tu, dada, hata "subirini".

Simu nimemwachia Kidoti. Nilijirekodi nikimwimbia ule wimbo wa kumlaza niliomtungia, wa paka asiyependa maziwa, na wifi ananiambia bila huo hafumbi macho. Ndiyo maana bado tunaandikiana. Jumapili nilikaa naye sebuleni, mama mkwe kiti cha mbele yetu, anakunja nguo ambazo zilishakunjwa. Kidoti alinishika sikio nilipofika na hakuliachia. Wakati wa kuondoka ilibidi vidole vitolewe kimoja kimoja. Mama mkwe ndiye aliyevitoa. Alikuwa analia na yeye, usidhani ni jini, ila alivitoa.

Daktari anasema moyo unachoka. Hajasema utachoka mpaka lini.

Sasa sikiliza, na usikatae kabla hujamaliza kusoma. Nidanganyie. Andika barua yenye muhuri wa chuo, useme umerudia na umekuta ni ya fundi. Huku hakuna anayejua hamira. Watamleta mtoto kwangu au watanirudisha mimi kwake, sijali lipi. Maisha yangu yote sijawahi kukuomba uongo, hata tulipokuwa wadogo nikivunja vitu nilikuwa nasema ni mimi. Naomba huu mmoja.

Kasuku


15 Mei

Mdogo wangu,

Siwezi. Nimejaribu, nimeandika mistari miwili nikaichana. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Nikidanganya, ipo siku watu watapima tena, na hapo utafukuzwa mara ya pili, na hutakuwa na wa kukutetea kwa sababu mimi nitakuwa nimeshajulikana ni mwongo. Nitukane ukitaka.

Lakini nilipozitoa zile sahani nizitazame, nijue huo uongo ningeuandika vipi, nikaona kitu. Hamira yenye kasoro yako, hata pale kwenye sukari, ilikuwa imeota madoa madogo, meupe, yaliyodumaa. Sisi watu wa hamira tunayajua madoa hayo. Hamira ikikaa muda mrefu bila mkasi, inakula sukari tu na majiko yamezimika, inafika mahali inayatupa maagizo ya jikoni kabisa. Ikishayatupa, hata uipe mkasi mzima wa kiwandani haiwashi jiko tena, kwa sababu hakuna cha kukata. Utepe wenyewe haupo. Na mimi nilichukua hamira iliyokaa hivyo tangu mwaka jana, nikaipa mkasi wako, halafu nikaulaumu mkasi.

Nimeijaribu kwa mkasi mzima usio na kasoro yoyote. Haikukua vilevile. Kwa hiyo ile sahani tupu haikuwa inasema lolote juu yako, Kasuku. Ingekuwa tupu hata kama usingezaliwa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa nawafokea kwa kosa hili hili.

Waonyeshe karatasi hii ya pili tu, ile ya kwanza kaa nayo. Naanza upya leo, kwa utaratibu unaotakiwa, mkasi wako unaingia kwanza ndipo wa hamira unatoka. Ni kazi ya wiki kadhaa na siwezi kuifupisha. Nimeshaona nikifupisha kinatokea nini.

Nisamehe.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Niliwaonyesha. Nilikwenda siku isiyo Jumapili, nikasimama uani kama mtu anayeuza sabuni. Mjomba akaisoma kwa sauti, akaikunja, akanirudishia. Akasema dada mtu akikutia hatiani huo ni ukweli, akikutoa huo ni udugu. Wote wakaitikia kwa kichwa. Fundi alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alizifunga muda mrefu sana.

Ule uongo niliokuomba, nimeusamehe. Hata ungeuandika, wangeukunja hivyo hivyo.

Kidoti nilimsikia anakohoa ndani. Sikuruhusiwa kuingia kwa sababu haikuwa siku yangu. Sijui kama unanielewa ninapokwambia nilikaa nje ya ukuta mpaka kikohozi kikaisha, nikaogopa kilivyoisha, nikangoja kianze tena.

Fanya hizo wiki ziwe fupi.

Kasuku


10 Juni

Shemeji,

Marahaba. Barua yako ya Mei sikuijibu, na sababu unaijua.

Nimerudia kila kitu na nimerudia tena. Hamira yenye kasoro ya mdogo wangu, ikitengenezwa inavyotakiwa, inakua kwenye gliserini sawasawa na yenye kasoro yako. Mwanzoni nilikata tamaa, nikadhani basi zote hazina tatizo. Halafu nikakumbuka kwamba hamira tunaikuza kwenye joto inalolipenda yenyewe, ambalo ni la chini. Nikazihamishia kabati lenye joto la mwili wa mtoto. Zote mbili zikakwama. Yake ikakwama, na yako ikakwama, siku moja.

Nikaunganisha. Hamira inaweza kuoana na hamira nyingine ikabeba nakala mbili, kama watu. Nikaipa moja kasoro yake pamoja na nakala nzima, ikakua hata kwenye joto. Huyo ndiye mdogo wangu, mke wako. Nyingine nikaipa kasoro yako na nakala nzima, ikakua. Huyo ni wewe. Ya mwisho nikaipa kasoro zote mbili, yake na yako. Kwenye baridi ilikua. Kwenye joto haikukua kabisa. Huyo ni Kidoti.

Kwa hiyo ni nusu kwa nusu, shemeji. Hakuna mzito. Si moshi, si kitu ulichofanya ukasahau, na si tumbo la mtu. Na mimi nimejipima. Ninayo kama mdogo wangu, tumeirithi kwa wazazi wetu, kama wewe ulivyoirithi kwa wako.

Nimekuandikia wewe peke yako kwa makusudi. Yakitoka kwangu au kwake wanayaita udugu. Yakitoka kinywani mwako watasikia. Simama mbele ya mama yako na mjomba wako useme nusu ni yangu, halafu mkamchukue mke wako akalale na mtoto wake. Uliniandikia kwamba siku ya kikao ulipumua. Mtoto yule hapumui vizuri. Usikawie, nakusihi.

Shemeji yako


1 Julai

Dada,

Kidoti ametutoka. Jumatano, saa za kuwapa wagonjwa uji wa jioni. Nimeshindwa kuandika kabla ya leo.

Barua uliyomwandikia fundi niliiona baada ya mazishi. Ina matundu madogo madogo ya cheche. Maana yake ilikuwa kwenye mfuko wa shati la kazi, anachomelea nayo. Ilikaa humo Jumapili mbili, dada. Jumapili zote mbili nilikuwa sebuleni kwa mama mkwe naangalia saa ya ukutani isiniishie, na yeye amesimama mlangoni, karatasi iko kifuani. Anasema kila siku alijiambia atasema kesho. Anasema alishazoea kupumua.

Mchana wa siku hiyo alikuja kibandani, nimeweka suruali ya mtu kwenye cherehani. Akasema, "Nusu ni yangu. Twende, wamempeleka hospitali." Sikuelewa nusu ya nini. Nilikimbia na mkasi mkononi, nesi ndiye aliyeninyang'anya pale mlangoni.

Wodini niliisikia sauti yangu kabla sijaingia. Simu ilikuwa juu ya mto, inaimba paka asiyependa maziwa, na mimi mwenyewe nimesimama hapo nahema. Nikaizima. Alikuwa bado anapumua, dada, ila macho alikuwa amefumba. Nikapanda kitandani, nikalala ubavu, nikaweka sikio kwenye kiganja chake. Nikasubiri avifunge vidole. Hakuvifunga. Nilikaa vile vile mpaka yule nesi akanigusa bega.

Mama mkwe alinipigia magoti mbele ya watu na mimi nilimnyanyua, sijui nilitoa wapi nguvu. Fundi alisimama msibani akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, kwamba nusu ni yake. Sasa ameweza. Kila jioni anakuja kukaa kwenye kigoda nje ya kibanda. Sijamfukuza na sijamkaribisha.

Na wewe nakulaumu. Kwa sahani ya kwanza, na kwa kumwandikia yeye ukaniacha mimi. Ningeitoboa ile sebule kwa hiyo barua, wangekunja wangekunjua, ningeingia tu. Pengine itapita. Leo bado ipo, na sijawahi kukuficha kitu.

Nina ombi. Umeandika kwamba kuna hamira uliyoipa zote mbili, yangu na ya fundi, ndani ya moja. Hakuna tena kitu duniani chenye hizo mbili pamoja. Wa kwanza hayupo, Kidoti hayupo. Kama hiyo hamira ipo, usiitupe. Usiipashe tena joto, dada. Usiipime tena. Imepimwa vya kutosha. Iache kwenye baridi iishi.

Kasuku


11 Julai

Kasuku,

Nilaumu. Sitajitetea. Nilidhani nimepata njia ya akili ya kukurudisha kwa mtoto wako, na nikasahau kumuuliza mwenye mtoto.

Profesa amejua, nimemwambia mwenyewe. Nilitegemea afoke. Aliomba kuziona sahani, akazitazama moja moja, hiyo ya joto akaishika muda mrefu kuliko zote. Halafu akasema kila hamira ya humu ndani ina namba yake kwenye daftari na hiyo haina, kwa hiyo ama niisajili ama niitupe. Nikaisajili.

Iko kwenye friza la baridi kali, ndani ya kichupa kisichozidi kidole chako cha mwisho. Mbele ya namba nimeandika Kidoti. Humo haikui na haifi. Mtu akiitoa miaka ishirini ijayo akaipa sukari na ubaridi, itaamka. Mimi sitaitoa, na nimemwandikia kila mwenye ufunguo asiitoe.

Funga kibanda uje. Chumba changu ni kidogo lakini kitanda kinatutosha, tulishalala wanne kwenye kidogo kuliko hiki. Najua ukifika utataka kuishika. Nitakupa glavu nene, utaishika kidogo tu, tutairudisha ndani haraka. Joto la mkono wa mtu hailiwezi.

Njoo hivyo hivyo.

Dada yako